Kona Katika Njia ya Baiskeli

Njia ya baiskeli ya kwetu imenyooka kutoka kituoni hadi shule ya msingi, isipokuwa mahali pamoja ambapo inapinda ghafla, inazunguka kitu, kisha inarudi kwenye mstari wake. Wageni huuliza kwa nini. Wenyeji wanajua, ila wengi hujifanya hawajui. Mimi nitasema, kwa sababu shamba lenye ile kona ni la mama yangu, na kwa sababu nimechoshwa na sifa wanazopewa watu wa baraza kila njia hiyo inapotajwa.

Kituo chetu cha maduka kiko magharibi mwa Nakuru, kando ya barabara kuu. Malori yanayopanda hukoroma, yanayoshuka hayamngoji mtu. Baba alikuwa mchukuzi wa maziwa. Asubuhi na mapema alipitia nyumba za majirani akikusanya, akafunga mitungi kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu, kisha akaingia kwenye lami kuelekea kwenye hoteli na vibanda vya chai. Njia nyingine haikuwepo. Pembeni mwa lami palikuwa na ukingo ulioliwa na mvua, na mwenye baiskeli akisukumwa nje na lori alianguka mtaroni na mzigo wake wote. Kila mwaka tulizika mtu wa baiskeli. Mwaka wa 2006 tulimzika baba.

Dereva hakusimama. Jioni ile lori lake lilipatikana Mai Mahiu, limeegeshwa katikati ya malori mengine, naye yuko kibandani anakula. Aliwaambia polisi alidhani amegonga mbwa. Walipomrudisha Nakuru nilikwenda kumwona, na bado alikuwa na kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Watu huniambia nimesahau mengi ya miaka ile. Kijiti kile sijakisahau.

Tulimzika baba mwisho wa shamba, kando ya ua wa kayaba, karibu na kilango kidogo ambapo alizoea kuegemeza baiskeli akitoka kazini. Kayaba ni mti wa miiba mirefu kama kidole, na ukiukuza ukawa ua, hata kuku hapiti. Ule wa kwetu ulipandwa na babu, siku kampuni ya kununua mashamba ilipowagawia wazee vipande vya shamba la mzungu. Hati za ardhi hatujapata hadi leo. Ua wa kayaba ndio uliosema hapa ni kwako na pale ni kwa jirani, na watu waliuheshimu kuliko karatasi.

Basi mwaka wa 2007 watu wa baraza wakaja, wakaitisha mkutano shuleni. Ulikuwa mwaka wa kura, na mwaka wa kura kila kitu kinawezekana. Afisa mmoja, kijana wa viatu vilivyong'arishwa, alitandaza ramani juu ya meza ya walimu na kutuonyesha mstari mwekundu. Ilikuwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, itakayopita nyuma ya mashamba hadi shuleni, mbali na lami, mbali na malori. Pesa za serikali za kujenga zilikuwa zimeletwa. Mzee mmoja aliuliza kwa nini wasiijenge pale pale kando ya barabara kuu, kwenye ardhi ya barabara. Afisa akakohoa. Ardhi ya barabara ilikuwa imejaa vibanda, na vibanda vilikuwa vimejaa wapiga kura.

"Itapita kwa mpaka," diwani akaeleza. "Huyu anatoa kidogo, na huyu wa upande ule anatoa kidogo. Hakuna mtu ataumia. Si ni watoto wetu wataitumia?"

Watu wa mashamba ya kampuni wakiona kigingi cha mpimaji wanaona shamba likiondoka. Nilidhani mkutano umekufa. Ndipo mama akasimama, na leso yake nyeusi ya msiba bado kichwani.

"Mimi natoa," akasema. "Hii njia ingekuwa hapa mwaka jana, ningekuwa na mtu nyumbani."

Baada ya hapo, nani angekataa? Hata wale waliokuja tayari kurusha matusi walitazama chini. Diwani alimshika mama mkono kwa mikono miwili, na nilimwona akitafuta mpiga picha kwa jicho.

Kukata kayaba ni kazi ya kutoa damu. Jirani yetu wa upande ule alikuja kutusaidia, na panga lake na glavu za ngozi. Alikuwa mtu wa rika la baba. Nyumbani kwake walizungumza lugha nyingine, nasi yetu, na tukikutana tulizungumza Kiswahili, kibaya cha pande zote mbili, lakini tulielewana. Tuliazimana chumvi ya ng'ombe na mkokoteni. Siku ya maziko alibeba jeneza upande wa kichwa, na hakukubali kupokewa hadi kaburini. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu ya yale yatakayofuata.

Ua ulipoisha kukatwa, mama alisema hatuwezi kulala bila mpaka. Kwetu kuna maua ya mpakani yanayoitwa matoka. Yana kichwa chini ya udongo kama kitunguu kikubwa na majani mapana, na hayafi kwa jua wala kwa moto. Hayapandwi na mtu mmoja. Anayepanda peke yake anahesabiwa mwizi, kwa hivyo jirani anashika na wewe unashika, mnafukia pamoja, na tangu siku hiyo hakuna mwenye akili zake atakayeyang'oa. Mama alimweleza jirani hayo yote huku akipangusa udongo kwenye kichwa cha itoka moja.

"Sisi kwetu mpaka ni mto ama ni mti," jirani akasema akicheka. "Sasa nyinyi munapanda vitunguu."

"Jaribu kung'oa hivi vitunguu uone kama utalala," mama akamjibu.

Wakacheka wote wawili. Wakapanda mistari miwili, mmoja upande wetu na mwingine upande wake, na njia ikaachwa katikati, nusu yake imetoka kwetu na nusu kwake. Kaburi la baba lilibaki ndani ya mstari wetu, salama, na msalaba wake wa mbao. Mama aliutazama msalaba, akaitazama nafasi ya njia, akasema baba atakuwa anaona wenzake wakipita. Sikuwa nimemwona na uso mwepesi hivyo tangu maziko.

Baraza walileta vigingi na lori moja la changarawe, wakapiga picha, wakaondoka. Changarawe ilikaa pale mpaka ikaota majani. Kura zikapigwa mwisho wa Desemba, na matokeo yakawagonganisha watu kwa kabila.

Ya Januari sitayasimulia. Kila mtu wa Bonde la Ufa anayo ya kwake, na akianza kusema hujui atanyamaza lini. Nitasema neno moja tu, kwamba ua ulikuwa umekatwa. Waliokuja kutuchomea walipita palipokuwa na kayaba wakiwa wima, bila kuinama, bila hata kuchanika shati. Kama ua ungekuwepo, wangezunguka kwa lango la mbele, nasi tungepata muda wa kufungua zizi. Ng'ombe wetu waliungua wakiwa wamefungwa. Siku ile jirani sijui alikuwa wapi, na sikuwahi kumuuliza. Hakuwa kati ya wale niliowaona. Wala hakuwa mbele yao akiwazuia.

Tulikaa miezi kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, ndani ya hema moja na shangazi aliyekimbia kutoka Keringet na blanketi tu mgongoni. Mama hakulia. Alipiga foleni ya maji, akapiga foleni ya unga. Kisha siku moja mwanamke wa kituoni kwetu, ambaye kwao hakukuchomwa, akaja kutuona. Alileta viazi na habari.

"Mama, ile njia yenu imetengenezwa! Greda ilikuja, ikachonga, wakashindilia na rola. Ni nyekundu, imenyooka, hadi unataka kulala hapo."

Mama alicheka. Ndani ya lile hema, mbele ya watu waliopoteza kila kitu, alicheka kwa sauti na kupiga makofi. Alisimulia hema la pembeni, kisha hema lililofuata, kwamba njia ya baiskeli imekwisha, kwamba sasa maziwa yatafika bila mtu kufa. Mimi nikikumbuka makofi yale hadi leo nashikwa na hasira, si kwake, bali kwa kila mtu aliyeshika usukani wa ile greda na kila aliyemwelekeza apite wapi.

Tulirudi katikati ya mwaka, serikali iliposema turudi. Tulipewa hema na unga, tukashushwa kwenye shamba letu. Nyumba ilikuwa majivu na mabati yaliyojikunja. Jikoni palibaki mafiga matatu. Njia kweli ilikuwepo, pana, nyekundu, imenyooka kama alivyosema yule mwanamke. Lakini upande wa jirani viazi vilikuwa vimesimama vizuri pale pale vilipokuwa mwaka uliotangulia, hadi ukingoni, na hakuna hata kipande cha shamba lake kilichochukuliwa. Njia nzima ilikuwa kwetu.

Mama alikwenda akasimama penye mafiga. Kutoka mlango wa jikoni, ukitazama moja kwa moja kwenye mwerezi mrefu wa jirani, kaburi lilikuwa kwenye mstari huo huo. Kwa mwaka mzima alikuwa akilitazama hivyo kila akipika. Alitazama. Akatembea polepole kufuata macho yake, akasimama katikati ya njia ya baiskeli, juu ya changarawe iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu. Msalaba haukuwepo. Matoka hayakuwepo. Mtoto mmoja wa shule akampigia kengele apishe, na mama akapisha.

Jioni hiyo jirani akaja. Alisimama mbali na hema, kofia mkononi, akatuambia pole. Mama hakumpa kiti, kwa kuwa hatukuwa na kiti, na hata tungekuwa nacho sidhani.

"Greda ilipopita, ulikuwepo?" akamuuliza.

"Nilikuwepo. Walituchukua vibarua. Nilikuwa nasukuma wilbaro."

"Kwa nini walipita hapa?"

"Kontrakta aliuliza hii shamba ni ya nani. Vijana wakamwambia wenyewe wameenda, hawarudi. Kwangu kulikuwa na viazi, ingebidi anilipe. Hapa ilikuwa jivu tu. Akasema basi tupitie penye hakuna mtu."

"Na mtu alikuwepo."

Jirani akageuka kuitazama njia.

"Ulisema?"

"Ningesema nini wakati ule, jirani? Wale vijana wangeniuliza mimi ni wa nani." Alizungusha kofia. "Lakini nilitoa matoka yenu. Niliyachimba kabla greda haijafika, nikaweka kwa gunia. Iko kwangu ndani ya stoo."

"Ulitoa maua," mama akasema, "ukaacha mtu."

Niliona jinsi neno lile lilivyompata. Nilifurahi, na sijutii kufurahi.

Tulikwenda kwa afisa wa ramani. Viatu bado viling'aa. Alikuwa mpole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi. Alitandaza ramani ile ile na kumwonyesha mama kwamba haina kaburi. Diwani wa zamani alikuwa ameanguka kura, na mpya alituma ujumbe kwamba ahadi zile zilikuwa za yule mwingine. Mwishowe afisa akapata wazo.

"Mathe, baraza linaweza kuangalia kama itawezekana kuhamisha mabaki. Baadaye, baada ya ufunguzi wa njia."

"Baba wa watoto wangu si nguzo ya stima," mama akamwambia, akainuka.

Njiani kurudi nilimwambia tuwashtaki. Akaniuliza nitawashtaki na hati gani. Hati yetu ilikuwa ua, na ua tuliukata kwa mikono yetu kwa ajili yao. Nililala na hasira, nikaamka na hasira, na kazini, kwenye duka la dawa za mifugo, wateja wakaanza kunikwepa.

Ufunguzi ulikuja karibu na mwisho wa mwaka. Walifunga utepe kituoni, wakaleta baiskeli mpya na fulana nyeupe zenye sura ya diwani mpya kifuani. Mpango ulikuwa wakubwa wakate utepe, kisha waendeshe baiskeli hadi shuleni, na watu wawafuate kwa miguu. Asubuhi hiyo mama alitoka hemani na jembe. Nikamfuata. Alisimama pale kwenye mstari wa mafiga na mwerezi, akainua jembe, akapiga. Likaruka. Akapiga tena, likaruka tena, na mkono wake ukatetemeka hadi bega.

Jirani akatokea kwenye viazi vyake akiwa na sululu begani na gunia mkononi. Sikutaka hata kumtazama. Mama naye hakumsalimu, lakini matoka hayapandwi na mtu mmoja, na mtu wa kushika upande wa pili alikuwa ni huyo tu. Ilimuuma.

"Chimba hapa," mama akasema. "Halafu hapa. Halafu pale, kwa miguu yake."

Jirani akachimba. Mama akashika kitunguu upande mmoja, yeye akashika upande mwingine, wakafukia pamoja, wakasogea, wakafukia kingine, hadi matoka yakazunguka mahali pa mtu kulala. Walikuwa wamepiga magoti uso kwa uso na hawakutazamana hata mara moja. Mimi nilisimama pembeni na mikono kifuani. Mama aliniomba maji ya kumwagilia nikamwambia ayachote aliyeng'oa maua. Na jirani akaenda akayachota.

Ndipo msafara ukafika, diwani mbele, jasho likimtoka, fulana imembana tumbo. Akashika breki.

"Mathe, ni nini unafanya kwa njia ya serikali?"

"Napanda."

"Huoni tuko na shughuli?"

"Naona. Mimi pia niko na shughuli."

"Nani alikuambia unaweza kupanda hapa?"

"Mwenyewe yuko hapo chini. Muulize."

Afisa akamnong'oneza diwani sikioni. Diwani akakunja uso, akageukia vijana waliovaa sura yake. "Ng'oeni hiyo maua, tupite."

Hakuna aliyesogea. Vijana wa kwetu walikuwa wanajua matoka ni nini tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao, na hakuna fulana ya bure inayomtosha mtu kufanya vile. Vijana wa upande wa pili walimtazama jirani, mzee wao, aliyekuwa bado amepiga magoti, matope hadi kwenye viwiko.

"Mzee, na wewe unafanya nini hapo?" diwani akamuuliza.

Jirani akainuka, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Mimi ndiye shahidi," akasema. "Hapa chini kuna mtu. Nilimbeba mimi mwenyewe, na kontrakta akimpitia nilikuwa naona."

Baadhi ya watu walianza kulia, na baadaye walinisimulia siku ile kama kitu kizuri, kama mapatano. Mimi sikulia. Niliwaza kwamba maneno yale yangemchukua pumzi moja siku ya greda, na siku ile yangefaa kitu.

Wapiga picha walikuwepo, kwa hivyo diwani hakuweza kugombana na mjane. Alishuka, akageuza usukani, akapanda tena, akapita kando ya matoka, juu ya viazi vya jirani, kwa kuwa nafasi nyingine haikubaki. Wote wakamfuata, baiskeli kwa baiskeli, kisha umati wote kwa miguu. Waliporudi kutoka shuleni walipita hapo hapo. Jioni mashina ya viazi yalikuwa yamelala kwenye matope, na kona ilikuwa imejichora yenyewe. Jirani alikuwa ametoa sehemu yake ya shamba, ile aliyoahidi mwaka uliotangulia. Hakudai fidia, na mama hakumshukuru.

Baraza walileta changarawe ya kona baada ya mvua. Hadi leo hawajatuandikia neno, wala shamba halijarudi. Katika mkutano mmoja nilimsikia diwani kwa masikio yangu akisema kona ile iliwekwa kwa makusudi, ya usalama, ili vijana wasiendeshe kwa fujo karibu na shule. Watu wakapiga makofi. Jirani alikuwepo, akatazama kiganja chake.

Siku hizi naishi Bahati, upande wa pili wa Nakuru, na nikimtembelea mama naazima baiskeli niende kituoni. Njia ni nzuri, siwezi kudanganya. Wachukuzi wa maziwa wanapita huku, mitungi ikigongana nyuma yao, na malori yanasikika kwa mbali tu. Matoka yamezaana yakawa kichaka. Wageni wanaokuja kwa kasi hushtuka wakiyaona na kutukana aliyechora ile kona, na baada ya wawili watatu kuanguka, baraza walikuja wakasimamisha nguzo ya chuma katikati ya maua, na kibao cha njano juu yake. Safari hii pia hawakutuuliza mahali pa kuchimba shimo la nguzo. Kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa: KONA MBELE. PUNGUZA MWENDO. Ndiyo maandishi pekee yaliyo juu ya kaburi la baba yangu, na aliyepaswa kuyasoma alikuwa dereva wa lile lori.